Siku Nilipokufa Katika Ukumbi wa Parokia

Baba yangu alikataa katakata kuja kuniona nikifa. Nilimweleza vizuri, kwa sauti ya chini, nikiwa nimemletea chai yake. Papa, nikamwambia, ni kuimba tu. Nitaanguka, watu watasikitika kidogo, halafu nitaamka, nitavua lile gauni, na tutarudi nyumbani kula. Alikoroga chai, akalamba kijiko, akakiweka kando.

"Mutoto yangu," akasema, "mimi nilishapoteza mutu mumoja bila kumuona akikufa na bila kumuzika. Sasa weye unataka nikuone ukikufa, halafu nirudie nyumbani kula wali. Hapana. Muimbe, mufurahi. Mimi nitabakia na kuku."

Mtu huyo mmoja alikuwa mama yangu. Baba alikuwa dereva wa lori, kwetu tunasema kamio, kwenye barabara ya Mahagi na Aru, na tulipokimbia vita kutoka Bule yeye alikuwa Aru, mpakani, watu wa forodha wamelizuia lori lake kwa ajili ya karatasi fulani. Karatasi ilipopatikana, barabara nayo ikafungwa. Alipotufikia hapa Bunia, mama alikuwa amekwisha kuzikwa njiani, harakaharaka, na sisi watoto tulikuwa tunalala katika darasa la shule moja, chini ya ubao ulioandikwa hesabu za wengine. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na bado sikuwa nimemaliza shule ya msingi.

Sasa, kwetu mtu hazikwi kimya. Kabla jeneza halijainuliwa, mmoja wa familia lazima asimame mbele ya watu wote aeleze. Alianza kuugua lini, tulimpeleka wapi, alikunywa dawa gani, nani alikuwa naye, alisema nini mwishoni. Hapo ndipo watu wanapumua. Usipoeleza, watu watajieleza wenyewe, na watu wakijieleza wenyewe, kabla ya jioni jirani yako amekwisha kuwa mchawi. Mama yangu hakuelezwa. Waliokuwepo walikuwa wanakimbia, na waliopaswa kusikiliza walikuwa wametawanyika kila upande. Kwa hiyo matanga yake hayakufungwa, na katika ukoo wa baba mwanaume hanyoi ndevu mpaka matanga yafungwe. Akaziacha zikue. Kwanza zilikuwa nyeusi, halafu za kuchanganyika, halafu nyeupe kabisa mpaka kifuani. Watoto wa mtaa walidhani ni mchungaji wa kanisa fulani jipya, wakawa wanamwomba baraka. Aliwapa.

Na mimi, niliyekuwepo, sikuwahi kuulizwa. Mtoto haanzi habari ya kifo, anangoja mkubwa amuulize. Baba hakuuliza. Nikangoja, miaka ikapita, tukazoea. Lakini jambo moja sikulizoea. Tangu mama afe, baba hakuja hata siku moja kunisikia nikiimba, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akimvuta kwa mkono mpaka benchi la mbele. Nimeimba Pasaka, nimeimba Noeli, nimeimba kwenye ndoa za watu ambao sasa wameachana, na yeye hayupo. Kwa hiyo safari hii, nilipopewa nafasi kubwa kuliko zote, nilitaka aje. Nilitaka sana, kuliko nilivyotaka kuimba vizuri, na Mungu anisamehe, maana nilikula kiapo cha kwaya cha kumwimbia Yeye.

Mambo yote haya yaliletwa na Maestro. Kwetu kila kiongozi wa kwaya anaitwa Maestro, hata yule ambaye kazi yake ni kuhesabu waliochelewa, ila huyu wetu alilichukua neno lile kwa uzito. Padri mmoja mzee, Mwitalia, alipokuwa anarudi kwao kupumzika, alimwachia sanduku la manota, karatasi za muziki, na humo, chini ya nyimbo za Pasaka, Maestro akakuta opera nzima ya zamani, panya wamekula pembe tu. Opera, kwa asiyejua, ni mchezo ambao hakuna anayesema. Wanaimba kila kitu, hata "habari ya asubuhi," hata "funga mlango." Maestro akaisoma, akaja kwenye mazoezi na macho mekundu, akatutangazia kwamba tutafanya kazi ambayo itautoa mji wa Bunia machozi.

Kuna mama mmoja kwetu wa sauti ya pili, muuguzi hospitalini, ambaye anasema waziwazi yale ambayo sisi wengine tunayatafuna tu mdomoni. Akauliza kama Bunia haijalia ya kutosha.

"Kulia kwa Waitalia iko tofauti, Mama," Maestro akamwambia. "Kunasafisha."

"Ata dawa ya minyoo inasafisha," muuguzi akajibu, na tukaanza kazi.

Hadithi yenyewe si ngumu. Mwanamke anampenda askari maskini. Askari anakwenda vitani. Kaka wa yule mwanamke, mtu wa tamaa, anamdanganya dada yake kwamba askari amekufa, ili amwoze kwa tajiri. Mwanamke anaugua kwa uchungu, kifua kinamshika, na saa anapokata roho ndipo askari anaingia, mzima, na kofia yake kichwani. Mwanamke anafia mikononi mwake akiimba, pazia linafungwa, Waitalia wanatoa vitambaa vya mkononi.

Maestro alitaka watu wa leo wajione ndani yake, kwa hiyo tukaketi kuibadilisha. Shida ya kwanza ilikuwa askari. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyetaka kumpandisha askari jukwaani hapa Bunia na kuomba watu wampende. Wengine wakasema awe mwalimu, lakini mwalimu haendi mbali. Wengine wakasema awe mfanyabiashara wa maharagwe. Muuguzi akauliza kwa nini asipige simu. Tukakubaliana kwamba mtandao umekatika, jambo ambalo halikuhitaji kuthibitishwa. Ndipo yule kijana wetu wa sauti ya tenori, ambaye kazi yake ni kubeba abiria kwa piki, akasema, "Awe dereva wa kamio. Ameenda Aru, forodha wamemuzuia. Kaka anasema kamio imeanguka mu mutoni." Watu wakapiga mikono.

Mimi sikupiga. Nikasema labda awe mchuuzi wa mbuzi. Wakanicheka. Nikasema tena, kwa hasira, kwamba mchuuzi wa mbuzi pia ana moyo. Wakapiga kura, nikashindwa, tena kwa sababu ya kipuuzi. Kijana yule alikuwa tayari ana kofia, na alijua kuiga honi. Siwalaumu. Hapa kwetu kila mtu ana mtu wake aliyefia njiani, huwezi kukumbuka wa wenzako wote.

Nikaamua kumwambia baba mwenyewe, kabla hajasikia sokoni. Nilimkuta anawatupia kuku mahindi.

"Ule mwanaume wa mu mchezo," nikasema, "wamemufanya dereva."

"Dereva wa nini?"

"Wa kamio, Papa."

"Kamio gani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikasema lile la magurudumu kumi.

"Anakawia wapi?"

"Aru. Kwa forodha."

Akavuta ndevu, kwanza kwa mkono mmoja, halafu kwa mwingine, kama mtu anayekamua ng'ombe. "Alibeba nini?" akauliza.

"Hatuimbi alibeba nini."

"Lazima mujue. Kama ni samaki, haiwezi kungoja. Kama ni simenti, inaweza kungoja." Akatupa mahindi yaliyobaki yote kwa mkupuo. Halafu, bila kuniangalia, akasema, "Na bibi yake alikuwa mugonjwa. Juu ya nini hakuacha kamio pale pale, akapanda piki?"

"Hakujua kama iko mugonjwa, Papa."

"Mutu anajua," akasema. Akaingia ndani.

Nilisimama pale na kuku, nikajua sasa kwamba baba alikuwa anajiuliza swali hilo kila siku, labda kila alipovaa viatu. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia, nikamkasirikia Maestro.

Lakini ajabu ni kwamba kuanzia siku ile baba akawa anafanya kazi katika opera yetu, huku akisisitiza kwamba haendi. "Mimi siendi," alikuwa akisema asubuhi, "lakini ambia ule kijana, dereva haingiake na kofia safi." Kijana akaipaka kofia yake mafuta machafu ya piki. "Mimi siendi, lakini mutu ametoka Aru hawezi kukimbia vile. Miguu imekufa. Atembee kama bata." Kijana akatembea kama bata. "Mimi siendi, lakini honi ya kamio haisemi pii. Inasema poo." Maestro alidhani ni mawazo yangu, akanisifu mbele ya kwaya nzima kwamba nina jicho. Nilipokea sifa. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wanavyosema, lakini baba yangu hakuwepo na lake lilikuwa kila mahali.

Mazoezi yalikuwa na raha yake. Tulitoa maneno kwenye Kiitalia tukayapitisha kwenye Kifaransa mpaka Kiswahili, kama mzigo unaobadilishwa magari matatu, na yalifika salama, kwa sababu Kiswahili na Kiitalia vyote vinapenda kumaliza neno kinywa kikiwa wazi. Shida ilikuwa kufa. Mwanamke yule anakufa polepole mno. Anaaga, anakohoa, anaaga tena, anakumbuka utoto wake, anapanda juu kabisa kwa sauti ambayo mimi mzima siipati kila siku. Muuguzi alikuwa anatikisa kichwa.

"Kwa kifua ya namna ile, pumuzi haiwezi kufika pale."

"Mama, hii ni sanaa," Maestro akasema.

"Sanaa haina mapafu?"

Mwishowe wakapatana kwamba niimbe, lakini nikohoe kwa haki. Muuguzi akanifundisha kikohozi cha kweli, cha kutoka chini, na nilikifanyia mazoezi nyumbani mpaka jirani mmoja akaniletea ndimu na kitunguu saumu, na mwingine akaanza kunisalimu kwa mbali.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mwisho. Siku tuliyofika kwenye pazia kwa mara ya kwanza, muuguzi alibaki amesimama.

"Na nani anaeleza?" akauliza.

"Anaeleza nini?"

"Mutu amekufa, Maestro. Nani anasimama kueleza namna alikufa?"

"Hakuna. Waitalia wanafunga pazia."

"Halafu watu waende vile? Watasema kaka alimutia sumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Miziki njo inaeleza."

"Miziki inaeleza alikunywa dawa gani?"

Maestro akaitupa chini fimbo yake ya kuongozea, ambayo ni waya wa gurudumu la baiskeli, ikalia kidogo juu ya saruji. Akasema kama kila mtu ataongeza matanga ya kwao ndani ya opera, tutamaliza Krismasi. Muuguzi akaketi. Lakini nilimwona usoni, na namjua, mama yule haketi kwa sababu ameshindwa.

Jumapili ilipofika, baba alikuwa uani tangu misa ya kwanza, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Nikamuuliza juu ya viatu. Akasema vilikuwa na vumbi. Nikamwambia nimemwekea kiti pembeni, karibu na mlango, nimefunga kitambaa changu cha bluu, kama akitaka. Akasema kuku hawajanywa maji. Nikaondoka na gauni langu ndani ya mfuko, na nisikudanganye, nililia kidogo barabarani, kisha nikaacha kwa sababu ya sauti.

Tulianza mchana, baada ya misa ya mwisho, mashine ya umeme ikinguruma nje ya dirisha kwa sauti yake yenyewe ambayo Maestro aliihesabu kama besi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilipotoka mara ya kwanza kuimba, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti. Kitambaa cha bluu, peke yake. Nilipotoka mara ya pili, mama mmoja mnene alikuwa amekifungua kitambaa, amejifuta nacho jasho, na ameketi. Basi. Nikaimba.

Watu walikuwa wazuri sana, walitusaidia. Kaka aliponiimbia kwamba lori limeanguka mtoni, baba mmoja wa safu ya mbele akaniambia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Dada, usimusikilize. Hajakufa. Iko nyuma ya pazia, nimemuona." Nikaendelea kuugua, nifanyeje? Mwanakwaya wetu aliyeimba kaka, mtu mpole anayefuga njiwa, alinyimwa salamu mtaani kwake kwa muda mrefu baada ya siku ile.

Halafu honi ikalia, poo, na kijana wetu akaingia, kofia chafu, miguu ya bata. Nikaaga, nikakohoa kile kikohozi, nikaaga tena. Ile sauti ya juu ilikuja yenyewe, safi, sikujua imetoka wapi. Nikafa. Pazia, ambalo akina mama walilishona kwa vitenge, likaja mpaka katikati, likakwama kama kawaida yake, nikabaki nimelala nusu nje, mikononi mwa kijana.

Hakuna aliyepiga mikono. Nilikuwa nimefumba macho, lakini nilisikia mabenchi yakilia, moja baada ya lingine, na nguo zikigusa saruji. Akina mama walikuwa wanashuka kuketi chini, kama wanavyoketi msibani.

"Juu ya nini hawapigi mikono?" Maestro akanong'ona.

"Nani anapigia marehemu mikono?" muuguzi akamjibu kwa meno.

Tukangoja. Wao wanatungoja, sisi tunawangoja. Ndipo nikasikia mtu anakohoa mlangoni, na kile kikohozi hakikuwa cha muuguzi, kilikuwa cha vumbi la Mahagi na moshi wa dizeli wa miaka yote. Nilikijua tangu tumboni mwa mama. Nilitaka kufungua macho, na maiti haifungui macho.

"Hodi," baba akasema. "Musinikasirikie. Niko na swali. Kwetu mutu haendake vile. Huyu mutoto amekufa, sawa. Nani ataeleza?"

Nikasikia viatu vya Maestro vikigeuka. Hakusema kitu. Nadhani ndiyo mara pekee.

"Basi nitauliza mimi," baba akasema. Alikuwa anakuja mbele, polepole, watu wanampisha. "Weye dereva. Bibi yako anakufa, weye ulikuwa wapi?"

Kijana hakujua chochote juu ya baba yangu wala Aru ya baba yangu. Lakini ni mtu anayesimamishwa njiani kila siku na kuulizwa maswali, na anajibu upesi. "Nilikuwa Aru, Muzee. Kwa forodha."

"Juu ya nini hukuacha kamio, ukapanda piki?"

Nilikuwa nimekufa, na nikiwa nimekufa niliomba, nilimwomba Mungu na nikamwomba na yule kijana mwenyewe, nikimfinya mgongoni pale watu wasipoona, ajibu, ajibu kitu kizuri. Nilihisi anafikiri. Ni mtu wa piki, alikuwa anafikiria barabara.

"Barabara ilifungwa, Muzee," akasema hatimaye, wala hakuimba. "Ata piki haikupita. Kama ingepita, ningefika."

Nilisikia mashine ya umeme nje, na mtoto fulani akiomba maji. Halafu baba akageuka, sauti yake ikawaelekea watu, kama shahidi anavyosema.

"Ni kweli," akasema. "Barabara ilifungwa. Ata piki haikupita."

"Ni kweli," watu wakaitikia, mmoja hapa, mmoja pale. Wengi wao waliijua ile barabara.

"Na nani alikuwa naye?" baba akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Ni sisi, Muzee," akasema muuguzi.

Na akaeleza. Alikuwa amejitayarisha tangu siku ya ugomvi, nakuambia, alikuwa nayo yote kichwani. Akasema ugonjwa ulianza na homa za jioni, kwamba kaka alichelewa kumpeleka hospitali, kwamba tulimpa dawa asubuhi na jioni baada ya chakula, kwamba mapigo ya moyo yalikuwa hivi na hivi, kwamba sumu haikuwemo, na kwamba hakukaa peke yake hata saa moja, kwaya yote ilikuwa naye, ikimwimbia. Alipomaliza, ukumbi mzima ulishusha pumzi. Akina mama wakasimama, wakakung'uta nguo, na hapo ndipo walipopiga mikono. Nikainuka kuinama. Bibi mmoja wa mbele akasema, "Ameamuka," kama mtu anayeona mvua imeacha.

Maestro alilia waziwazi. Kabla watu hawajamaliza kutoka, alikuwa amekwisha kumweleza katekista kwamba mwisho ule ulikuwa wazo lake.

Tulirudi kwa miguu, baba na mimi, jua likiwa bado juu. Mimi nilikuwa bado ndani ya gauni jeupe, poda ya mauti usoni, shali mabegani, na yeye alikuwa amenibebea viatu, kwani vilikuwa vya kuazima na vilinibana. Watu walitupisha. Hakusema neno juu ya uimbaji wangu. Alisema tu, "Ule wa piki anajua barabara." Tukatembea. Tulipopita wauza matofali, akaanza tena, akitazama mbele.

"Na mama yako. Nani alikuwa naye?"

Miaka yote ile nilidhani siku akiniuliza nitatetemeka. Sikutetemeka. "Ni mimi, Papa," nikasema, na nikaeleza, kama inavyotakiwa, kwa utaratibu. Kwamba kifua kilimshika kabla hatujatoka Bule. Kwamba zahanati tuliyopita ilikuwa imefungwa. Kwamba mwanamke mmoja tusiyemjua alitufungulia nyumba, akatupa mkeka, akachemsha majani. Kwamba mama aliomba chai, na yule mwanamke alikuwa na sukari kidogo, akaweka kijiko kimoja, na mama akaonja akasema, "Hii ni chai ao ni maji ya kuogesha mutoto?"

Baba akasimama barabarani. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa, kisha nikaona anacheka. "Njo yeye," akasema. "Njo yeye mwenyewe. Halafu?"

"Halafu akauliza uko wapi. Nikasema Aru. Akasema, 'Baba yenu anakawiaka, lakini anafikaka.' Akalaza kichwa juu ya miguu yangu, akalala. Asubuhi miguu ilikuwa imekufa ganzi na sikuisogeza. Nilifikiri nitamuamusha."

Hakucheka tena. Akahamisha viatu vyangu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akaniwekea ule ulio huru kichwani, akauacha hapo mpaka tukafika kwenye kona ya kinyozi, yule wa mwavuli na kioo kilichofungwa kwenye mti wa umeme. Akaketi kwenye kiti bila kuniambia kitu.

"Tunapunguza, Muzee?" kinyozi akauliza.

"Tunaondoa."

Kinyozi akaziangalia zile ndevu, akaniangalia mimi na gauni langu jeupe. "Kuko ndoa?"

"Hapana. Tunafunga matanga ya bibi yangu," baba akasema. Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu pia alikufa leo, pale parokia. Lakini yeye alirudia."

Kinyozi hakuuliza zaidi. Akawasha mashine, na ndevu zikaanguka juu ya kitambaa, nyingi, nyeupe. Zilipokwisha, baba akajipapasa usoni kwa vidole vyote, polepole, kama anaingia chumba cha zamani gizani.

"Kuko baridi," akasema.

Nikavua shali ya marehemu wa opera, nikamfunga nayo shingoni, na tukaenda nyumbani kula wali.